Tupeane uzoefu: Mzawa wa kwanza kufungua duka mtaani kwenu

Mtoa mada
Wakuu, heshima kwenu. Juzi tumemzika bibi aliyefungua duka la kwanza la Mwafrika kwenye kona yetu ya Tandika. Alianza na genge, nyanya na dagaa kwa mafungu, mwisho akawa na duka na friji. Tumekaa kwenye mkeka msibani, mzee mmoja akasema daftari lake la kwanza la shule alilikopa kwa marehemu. Wa pili akasema yeye alikopa sukari ya mtoto mchanga. Mpaka giza linaingia kila mtu alikuwa ametoa la kwake. Nikasema na humu tuwataje watu wa namna hiyo. Kwenu alikuwa nani?

Kibo_10
Umenikumbusha mbali, mkuu. Mimi namtaja Mzee Mengi. Mhasibu aliyeanza kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, ikaja soda, sabuni, hadi ITV na Radio One mwaka 1994. Mei 2019 mwili wake ulipoletwa kutoka Dubai nilisimama barabarani na mwanangu. Walemavu waliokuwa wakila naye chakula cha mchana kila mwaka walilia kama wamefiwa na baba.

Bandarini
Mengi apumzike kwa amani, lakini mada inasema mtaani. Na kama tunatafuta wa kwanza, wa kwanza, turudi nyuma zaidi. Erika Fiah, Muganda aliyekuwa na duka hapa Dar, mwaka 1934 alianzisha chama cha wafanyabiashara Waafrika, na 1937 akaanzisha gazeti lake, Kwetu. Enzi za Mwingereza hizo! Muuza duka mweusi anamiliki gazeti. Vijana wangapi wanamjua?

Kibo_10
Kwa hiyo mganda ndiye mzawa wa kwanza wa Dar?

Bandarini
Duka lilikuwa Dar, wateja walikuwa wa Dar, na waliotetewa na gazeti lile walikuwa Waafrika wa Dar. Mpaka huo mnaouchora leo yeye haukumzuia.

Mama_Wawili
Msianze. Tuendelee na simulizi.

Miwati
Nilikuwa nasoma tu, nimeshindwa kunyamaza. Baba yangu alikuwa na duka kijijini, nje kidogo ya Njombe. Operesheni Maduka ya 1976 ilimfungia, kila kitu kikawa cha duka la ushirika, baadaye wakalegeza akafungua tena. Mizani moja, mawe yake, pampu ya mafuta ya taa na daftari la madeni lenye jalada jekundu.

Ikafika 1983, msako wa wahujumu uchumi. Nilikuwa darasa la nne. Wakati huo sabuni ilikuwa haionekani, mama zetu wanafulia majani ya mpapai. Baba alikuwa na magunia mawili ya sabuni ya unga, kayapata kwa shida kupitia kwa dereva wa lori, hana karatasi yoyote. Redio inataja watu wanaokamatwa. Usiku akaja balozi wa nyumba kumi, hakuketi, akasema "kesho asubuhi wanapanda huku," akaondoka.

Baba na kaka yangu walibeba yale magunia mpaka kijito kilicho chini ya miti ya miwati, wakamwaga. Mimi nilishika taa ya chemli. Naikumbuka ile harufu, nzuri, halafu baba anatetemeka mikono. Tulivyorudi akachoma daftari jikoni, ukurasa mmoja mmoja, kwa sababu ndani yake mlikuwa na kila alichouza na aliyekiuza kwake.

Alfajiri kijito chote kilikuwa povu. Jeupe, limepanda hadi kwenye nyasi. Askari wangeliona kutoka barabarani. Bibi mmoja mjane, ambaye ndiye aliyekuwa na deni refu kuliko wote, akatoa ng'ombe wake saba akawaswaga majini, wakavuruga tope mpaka maji yakawa rangi ya chai ya maziwa. Hakuna aliyemtuma.

Walimchukua baba hata hivyo, kwa ajili ya katoni ya viberiti. Alikaa mahabusu miezi minne, akaachiwa bila kusomewa shitaka. Aliporudi amekonda, watu wakaanza kuja: "Baba, nilikuwa na kilo mbili za chumvi." "Mimi nusu lita ya mafuta." Daftari halipo, wanajitaja wenyewe. Wengine walileta kuku, wengine debe la mahindi. Wapo ambao hawakuja mpaka leo, na tunawajua.

Mama_Wawili
Miwati, nimelia. Kamwene.

Reli_ya_Kati
Pole sana, ila tuseme ukweli. Walanguzi walikuwepo. Mama yangu alipanga foleni siku nzima duka la kaya akarudi na kipande kimoja cha sabuni, wakati kuna watu wamejaza stoo. Sokoine, Waziri Mkuu wakati ule, aliwagusa hao na wanyonge walishangilia. Alipofariki Aprili 1984 nchi ililia.

Bandarini
Na mwenye viberiti katoni moja naye alikuwa mlanguzi?

Reli_ya_Kati
Sijasema baba yake. Nasema foleni ilikuwa ya kweli, na mama yangu miguu ilivimba.

Miwati
Sikukatalii, kaka. Baba mwenyewe alimheshimu Sokoine. Alisema wakubwa walipona, wadogo wakaliwa.

Mtoa mada
Familia ya marehemu wetu wamekuta madaftari yake matatu, yamejaa madeni. Wanauliza wafanyeje?

Kibo_10
Wayachome, amewasamehe.

Mama_Wawili
Wasichome kabisa! Hiyo ndiyo historia ya mtaa. Wayafunge kwenye nailoni, unyevu wa Dar utayamaliza.

Pugu_Road
Watu walipe, kwani kufa kwake kumefuta deni? Mimi nadaiwa mkate na nitaupeleka arobaini.

Reli_ya_Kati
Miwati, mizani ya mzee iko wapi?

Miwati
Iko kwa dada yangu, bado anapimia maharage. Baba alifungua tena 1985 na mizani ile ile. Jiwe la robo lilipotea siku ya msako, dada anaweka mfuko wa misumari aliouhakikisha mwenyewe sokoni, na wateja wanaujua.

Pugu_Road
Msalimie dada.