Toronto hadi Quebec City kwa gari, Julai, siku tano na watoto wawili: tupange vipi?

Pwani_Kaskazini

Habari zenu wakuu. Tunaondoka Toronto Jumatano wiki ya tatu ya Julai, tunarudi Jumapili. Watu wazima wawili, watoto wa miaka 6 na 11, gari dogo la petroli. Kwa hiyo kuna siku mbili za barabarani na tatu kamili za kukaa. Naomba mwongozo kwa wanaoijua njia na jiji:

1. Tupite katikati ya Montréal au tuizunguke? Na wapi pa kusimama ili watoto wanyooshe miguu?
2. Mji mkongwe unaingilika kwa gari? Maegesho yakoje?
3. Siku tatu zatosha kufanya nini? Watoto wanadai nyangumi wa Tadoussac, kijiji cha mtoni mashariki mwa jiji.

Kifaransa hakuna anayekijua kati yetu.

---

Dereva401

Mkuu, nianze na barabara, maana ndiyo inayoharibu safari za wengi kabla hawajafika.

Toronto hadi Quebec City ni kama kilomita 800. Ramani itakuambia saa nane. Ukiwa na watoto hesabu kumi. Ondokeni kabla ya saa 12 asubuhi. Mkichelewa, mnakutana na foleni ya Toronto asubuhi na ya Montréal jioni siku hiyo hiyo. Barabara ya 407 itakuokoa ukitoka Toronto, ila ni ya kulipia: hakuna kibanda, kamera inasoma namba ya gari na ankara inakuja baadaye. Gari likiwa la kukodi, kampuni huongeza gharama yake juu ya hiyo ankara, kwa hiyo uliza kabla.

Kituo cha kwanza cha maana ni Brockville, kama kilomita 340. Kuna handaki la reli la kwanza Kanada, lilifunguliwa 1860, na sasa linapitwa kwa miguu. Urefu ni zaidi ya mita 500, lina taa za rangi, kuingia ni bure. Ndani kuna baridi na maji yanadondoka toka kwenye mawe hata Julai, basi watoto wavae sweta. Dakika 40 zinatosha. Mkiwa na nafasi, mkifika Gananoque acheni 401, barabara kuu mnayoifuata toka Toronto, mshike Thousand Islands Parkway inayofuata mto. Inawarudisha 401 kabla ya Brockville, na mnaongeza dakika chache tu.

Jazeni tangi Cornwall, kabla ya kuvuka mpaka wa jimbo. Kwa kawaida petroli ya Quebec iko juu kuliko ya Ontario. Gari linalokula lita 9 kwa kilomita 100, safari nzima pamoja na mizunguko ya huko ni kama kilomita 1,850, yaani lita 165 hivi.

Montréal: zungukeni. Ukiingia jimbo la Quebec, 401 inageuka barabara kuu iitwayo A-20. Ukifika Vaudreuil-Dorion shika A-30. Ukiikosa, A-20 inageuka barabara ya mjini yenye taa za kusimamia, na hapo ndipo saa nzima inapotea. A-30 ina daraja moja la kulipia. Usiingie mstari wa wenye kifaa cha kulipia ndani ya gari, chagua wa kadi au pesa taslimu. Inakutoa upande wa kusini wa mto, unaungana tena na A-20 hadi Lévis, mji ulio ng'ambo ya mto kutoka Quebec City.

Hicho kipande cha mwisho kimenyooka kama rula, na ndicho kinacholaza madereva. Badilishaneni usukani Drummondville. Mbele kidogo, Saint-Léonard-d'Aston, kuna kituo cha mapumziko chenye sanamu kubwa za dinosaria. Kwa mtoto wa miaka 6 hapo hapapitwi.

Mambo ya sheria: mwendo wa juu A-20 ni kilomita 100 kwa saa, wa chini 60. Kifaa cha kunasa rada za polisi ni marufuku Ontario na Quebec. Kukata kulia taa ikiwa nyekundu kunaruhusiwa Quebec baada ya kusimama kabisa, isipokuwa kibao kikikataza, na isipokuwa kisiwa chote cha Montréal. Taa ya kijani inayowaka na kuzima maana yake wewe unayekata kushoto una haki ya kupita, wa mbele yako wamesimamishwa.

---

Mama_Ramani

Nimjibu namba 2. Mji mkongwe unaingilika kwa gari, lakini hakuna sababu ya kuingia nalo. Ndani ya kuta ni barabara nyembamba za mwelekeo mmoja, milima, watembea kwa miguu kila upande, na wakati wa kiangazi sehemu ya mtaa wa Saint-Jean hufungiwa magari. Gari liwe la kwenda nje ya jiji tu.

Tafuteni malazi yenye maegesho yake nje ya kuta. Mtaa wa Saint-Roch, chini ya mwamba, ni pazuri: bei ni nafuu kuliko ndani, na kuna lifti ya umma ya bure, Ascenseur du Faubourg, inayokupandisha hadi mtaa wa juu, halafu unatembea hadi kwenye lango la ukuta. Sainte-Foy ni mbali zaidi ila mabasi ya Métrobus 800 na 801 yanapita mara kwa mara hadi mjini.

Mkilazimika kupaki barabarani, jifunzeni kusoma vibao, maana faini nyingi za wageni zinatoka hapo. Nguzo moja inaweza kuwa na vibao viwili au vitatu, na vyote vinakuhusu kwa pamoja. Mfano: cha juu kina P iliyokatwa kwa mstari mwekundu, chini yake 8 h – 9 h 30, MAR, 1 AVRIL – 1 DÉC. Cha chini kina P ya kijani, 120 MIN, 9 h – 21 h, LUN AU SAM. Mgeni anaona MAR anadhani ni mwezi Machi, anaacha gari. MAR ni Jumanne. Machi ni MARS, yenye S. Kibao kinasema: Jumanne saa 2 hadi saa 3 na nusu asubuhi, Aprili hadi Desemba, usipaki, na Jumatatu hadi Jumamosi kati ya saa 3 asubuhi na saa 3 usiku una saa mbili tu. Angalia na mshale unaelekea upande gani wa nguzo. Ukiona VIGNETTE au PERMIS, ni ya wakazi wenye kibali.

Kwenye mteremko vuta hendibreki na ugeuze matairi: gari likitazama chini, matairi yaelekee ukingo wa barabara, likitazama juu na ukingo upo, yaelekee katikati ya barabara. Mitaa ya pale ina miinuko ya kweli.

Jambo la haraka kuliko yote: malazi. Wiki mbili kamili za mwisho za Julai ni likizo ya mafundi ujenzi jimbo zima, na nusu ya Quebec inasafiri. Kabla yake kuna Festival d'été, siku 11 za muziki, jukwaa kubwa likiwa uwanja wa Abraham. Wiki yako iko karibu na mambo yote mawili. Angalia tarehe za mwaka huu leo, usingoje kesho.

---

Mzee_wa_Ngome

Namba 3. Mpango wangu ni huu, na mpangilio wake una sababu.

Alhamisi ni ya miguu. Anzeni juu, malizieni chini. Jiji liko sehemu mbili, la juu kwenye mwamba na la chini mtoni. Anayeanza chini anawachosha watoto kabla ya mchana. Saa 4 asubuhi kuna kubadilishana walinzi kwenye ngome ya Citadelle, mfikeni dakika 20 kabla. Askari wa Royal 22e Régiment wamevaa kofia za manyoya katikati ya joto, na wanaandamana na beberu wao aitwaye Batisse. Watoto hawatasahau huyo beberu. Toka hapo shukeni hadi Terrasse Dufferin, baraza ndefu ya mbao mbele ya Château Frontenac, hoteli iliyofunguliwa 1893. Kuta zenyewe zina urefu wa kama kilomita 4.6 na sehemu kubwa unaweza kutembea juu yake.

Kwenda Petit-Champlain, mtaa wa kale wa jiji la chini, shukeni kwa ngazi za Casse-Cou, jina ambalo maana yake ni vunja shingo, kwa hiyo mshike mkono wa miaka 6. Kurudi juu pandeni funicular, behewa dogo la reli linalopanda mwamba tangu 1879. Ni ya kulipia, ila jioni miguu ikishachoka inastahili.

Kabla ya kupanda, vukeni kwa kivuko kwenda Lévis. Nendeni bila gari, nauli ni ndogo. Safari ni kama dakika 12, na picha bora ya Quebec City haipatikani ndani yake, inapatikana kutoka kwenye sitaha ya kile kivuko: mwamba, ngome, paa za kijani za hoteli, vyote kwa pamoja. Upande wa Lévis, karibu na gati, kuna chemchemi za Quai Paquet zinazorusha maji toka sakafuni. Bebeni nguo za kubadilisha.

Ijumaa chukueni gari, maporomoko ya Montmorency asubuhi. Yana mita 83, mita 30 zaidi ya Niagara kwa kimo. Watu wengi hupaki juu, wanashuka ngazi 487, halafu wanapanda tena zote na mtoto analia mgongoni. Fanyeni kinyume: pakini chini, pandeni kwa gari la kamba tiketi ya kwenda tu, vukeni daraja linaloning'inia juu ya poromoko, kisha mshuke ngazi upande wa pili. Ngazi za chini kabisa zinapigwa na manyunyu, si ukungu bali maji hasa: miwani haioni, nywele zinadondosha, simu iwe ndani ya mfuko wa plastiki. Kutoka hapo unatembea tambarare hadi kwenye gari.

Daraja la Île d'Orléans liko pale pale mbele yenu. Barabara ya Chemin Royal inazunguka kisiwa, kilomita 67, vijiji sita. Ukishatoka darajani kata kulia uanze na Sainte-Pétronille, unaona jiji ng'ambo ya maji. Wiki hiyo stroberi za mwanzo wa kiangazi zinaelekea kuisha na rasiberi ndiyo zinaanza. Kibao cha AUTOCUEILLETTE maana yake mnaingia shambani kuchuma wenyewe. Bebeni pesa taslimu, vibanda vya shamba si vyote vina mashine ya kadi.

Jumamosi ni Tadoussac kama watoto wameshikilia.

---

Dereva401

Hapo Mzee nakupinga. Quebec City hadi Baie-Sainte-Catherine ni kilomita 200 na ushee kwa barabara ya 138, karibu saa tatu, yenye milima mikali ya Charlevoix ambako unashuka kwa gia ndogo ili breki zisichemke. Kisha pantoni ya kuvuka mto Saguenay hadi Tadoussac: ni bure na inakwenda usiku na mchana, lakini Julai foleni yake inaweza kula saa nzima. Ongeza saa mbili tatu za boti. Hiyo ni siku ya saa 12, na kesho yake wana kilomita 800 za kurudi nyumbani. Hapo unamweka dereva mchovu barabarani na watoto nyuma.

Walale Tadoussac usiku mmoja na wapunguze mjini, au waiache.

---

Mzee_wa_Ngome

Hoja yako nimeikubali, hasa hiyo ya dereva. Basi Jumamosi iwe hifadhi ya Jacques-Cartier, kama kilomita 40 kaskazini kwa barabara ya 175. Bonde lenye kuta za mwamba, mto wa kupiga makasia. Nunueni kibali cha kuingia mtandaoni mapema, bebeni dawa ya mbu na mikono mirefu. Mkitaka siku nyepesi zaidi kabla ya kurudi, Promenade Samuel-De Champlain ina bwawa la kuogelea kando ya mto.

Na siku mkienda Tadoussac kwa safari nyingine, chukueni makoti mazito hata kama nchi kavu ni nyuzi 25. Maji ya pale ni ya baridi sana na upepo wa boti unakata.

---

Pwani_Kaskazini

Ahsanteni sana wakuu. Tadoussac tumeiweka kando. Mawili ya mwisho: kiti cha mtoto sheria ikoje Quebec, na chakula? Sisi hatuli nguruwe.

---

Mama_Ramani

Kiti: Quebec ni lazima hadi mtoto afike sentimita 145 au atimize miaka 9. Wa miaka 6 anakihitaji njia nzima, Ontario nayo inamtaka. Wa 11 mkanda unatosha.

Chakula: kuweni macho asubuhi. Cretons ni nyama ya nguruwe ya kupaka mkate, na fèves au lard ni maharage yaliyopikwa na mafuta yake. Maneno ya kukwepa ni porc, lard, jambon, bacon. Poutine ni chipsi, jibini bichi na mchuzi. Mchuzi mara nyingi ni wa supu ya kuku au ng'ombe, ila ulizeni, na sehemu nyingi zina wa mboga: sauce végétarienne. Anzeni na "Bonjour" kwa mhudumu, ndipo mwendelee kwa Kiingereza. Mji mkongwe watawaelewa.

Bei ya menyu haina kodi. Ongezeni 5% ya taifa na 9.975% ya jimbo, karibu 15%. Bakshishi ni 15% ya bei kabla ya kodi. Hadi 2025 mashine nyingine zilikuwa zikipendekeza asilimia juu ya jumla yenye kodi, basi mkiona hivyo chagueni kuandika kiasi wenyewe. Malazi yana kodi yake ya 3.5% juu ya bei, na maegesho ya hoteli mara nyingi hayamo kwenye bei ya chumba, waulizeni kabla hamjalipa.