Kiangazi cha Desemba kinakuja: neti ya kivuli, vyungu vya kuzika, au kupunguza mimea? Bustani ya paa, Kampala

nakati_juu_ya_paa (Ntinda), 6 Novemba

Habari zenu wote. Naomba tulinganishe mambo mapema, maana mvua za Novemba zinadanganya. Leo paa limelowa, sukuma inang'aa, nakati, mboga yetu ya majani, zimefika gotini. Mtu angeniambia kwamba wiki sita zijazo udongo huu huu utapasuka nisingemwamini, ila yalinikuta Januari iliyopita.

Hali yangu ni hii. Ghorofa tatu, paa la slabu (zege bapa), ukuta wa mita moja kuzunguka. Nina viroba 9 (magunia yaliyojazwa udongo), madumu 14 ya njano ya lita 20 niliyoyalaza na kuyakata ubavu, na vyungu 5 vya udongo vyenye nyanya na pilipili. Maji ya bomba hufika juu siku akipenda Mungu. Siku nyingine napandisha ngazi kwa dumu. Januari ile nilimwaga madumu sita kila siku, asubuhi na jioni, na bado nusu ya sukuma ilikauka na nyanya zikaoza kitako zikiwa mbichi. Nililia, siwafichi. Mboga zile ndizo zinazolisha watoto wanne.

Njia ninazofikiria ni tatu. Kwanza, neti ya kivuli juu ya paa lote. Pili, matandazo mazito pamoja na vyungu vidogo vya kuzika, vile ensuwa za udongo zinazotoa maji polepole. Tatu, nipunguze: ning'oe zilizozeeka, nibaki na chache, udongo mwingine upumzike hadi mvua za Machi. Pesa ipo ya njia moja na nusu hivi. Aliyejaribu aseme.

fundi_wa_slabu (Kireka), 6 Novemba

Nnyabo (mama), kabla ya neti tuongee uzito. Gunia la kilo 100 za mahindi likijazwa udongo uliolowa linakaribia kilo 200. Slabu za nyumba za kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya kilo 150 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo viroba 9 usivikusanye katikati ya chumba. Vipange juu ya kuta na mihimili, pembezoni. Na usitoboe slabu kwa ajili ya nguzo za neti. Tundu dogo leo, mwezi wa Aprili dari ya jirani wa chini inavuja.

Neti yenyewe ni nzuri, ila ni tanga la jahazi. Mvua za Kampala hutanguliwa na upepo, nanyi mnazijua. Nguzo zisimamishe ndani ya ndoo za zege, neti uifunge kwa kamba unazoweza kufungua haraka. Lakini kila ndoo ya zege inaongeza uzito nao upo kwenye hesabu. Kwa paa lote, mimi nisingeweka.

mama_wa_boo (Gulu), 7 Novemba

Dada yangu wa Ntinda, pole sana. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja mrefu, halafu kuanzia Desemba hadi Machi ni jua na upepo mkavu tu. Ninyi wa Kampala mna kiangazi cha miezi miwili mitatu na ziwa liko karibu. Sisi tumelazimika kujifunza.

Chungu cha kuzika kinafanya kazi. Kwa Kiacholi ni agulu. Kiwe kidogo, cha lita mbili au tatu, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, kwa sababu maji yanapita kwenye vitundu vya udongo wenyewe. Ukinunua, kijaze maji ukiache usiku mmoja. Asubuhi ukikipapasa nje kikiwa na unyevunyevu, kinafaa. Kikiwa kikavu kabisa, hicho ni cha kupikia, si cha bustani. Zika hadi shingoni, shingo ibaki juu vidole viwili, funika kwa jiwe bapa au kigae. Kufunika si urembo: maji yaliyokaa wazi ni kitalu cha mbu, na malaria hatuihitaji juu ya paa.

Udongo ukikauka unavuta maji kutoka kwenye chungu, ukilowa unaacha kuvuta. Wewe unajaza tu kila siku ya pili au ya tatu. Nyanya ndizo zinazokipenda zaidi. Kule kuoza kitako kwa nyanya zako hakukuwa ugonjwa wa kunyunyizia dawa. Leo maji mengi, kesho hakuna, basi chokaa ya udongoni haifiki kwenye tunda. Unyevu ukiwa wa namna moja, tatizo linapungua sana.

Ila sema ukweli pia: unyevu wa chungu hauendi mbali, kama upana wa chungu chenyewe kila upande. Kwenye kiroba kimoja, kimoja kinatosha. Kwenye dumu lililolazwa kinakula nafasi ya mizizi, humo usiweke.

nakati_juu_ya_paa (Ntinda), 7 Novemba

Asante sana mama. Hilo la kukipapasa asubuhi hakuna aliyewahi kuniambia. Na madumu je? Ndiyo mengi.

mama_wa_boo (Gulu), 7 Novemba

Madumu weka matandazo. Na ukitaka matone, chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko kwa sindano ya moto, igeuze kichwa chini, kata kitako uwe unajazia hapo. Hupati usawa kama wa chungu, na matundu huziba kwa matope, lakini ni bure.

maganda_ya_kahawa (Masaka), 8 Novemba

Kwa matandazo mimi nina la kusema, maana naishi nayo. Maganda ya kahawa ni mazuri na ni rahisi kupata kwenye mashine za kukoboa, lakini msiyaweke yakiwa mapya. Yakilowa yanachacha, yanapata joto, na wakati wa kuoza yananyang'anya mimea naitrojeni. Sukuma inageuka manjano na mtu anadhani ni kiu. Chukua ya lundo lililonyeshewa msimu mzima, yaliyokwisha kuwa meusi. Tandaza sentimita tano, uache nafasi ya vidole viwili kuzunguka shina. Ukikosa, nyasi kavu zisizo na mbegu au majani makavu ya mgomba.

Na samadi ya kuku: huu ndio mwezi wa kuichanganya ikiwa imeoza vizuri, mvua ikiwepo. Ukiiweka Januari kwenye udongo mkavu unaunguza mizizi.

mwalimu_wa_ramani (Jinja), 8 Novemba

Ndugu zangu, kuna njia ya nne na haina gharama: jua lenyewe. Watu wengi wanasema sisi tuko ikweta kwa hiyo jua linapita utosini mwaka mzima. Si kweli. Utosini linapita Machi na Septemba. Mwezi Juni linapita upande wa kaskazini, na Desemba linapita upande wa kusini, kiasi cha nyuzi 23 na ushee kutoka utosini. Hata adhuhuri yenyewe Kampala si saa sita. Mwezi wa Desemba ni kama saa saba kasorobo.

Maana yake kwa paa la dada yetu: ukuta wake wa kusini, wa mita moja, tarehe 21 Desemba unatupa kivuli cha sentimita 44 hivi ndani ya paa wakati jua liko juu kabisa. Mwisho wa Januari ni 32, katikati ya Februari ni 24. Ukuta wa kaskazini katika miezi hiyo hautoi kivuli chochote ndani adhuhuri, tena unachomwa na jua na kulirudisha kwenye mimea. Ukuta wa magharibi unakinga alasiri: saa kumi jioni kivuli chake ni kama mita moja.

Kwa hiyo kona ya kusini-magharibi ndiyo hospitali ya mimea yako kuanzia Desemba. Dada, vyombo vyako vingi viko upande gani sasa?

nakati_juu_ya_paa (Ntinda), 8 Novemba

Mwalimu, nimepanda juu sasa hivi kutazama, simu mkononi. Madumu yote 14 yako kwenye ukuta wa kaskazini. Niliyapanga mwezi wa Julai kwa sababu wakati huo ndipo palikuwa na kivuli! Sikujua kwamba kivuli kinahama. Kumbe Januari niliyakausha kwa mikono yangu.

fundi_wa_slabu (Kireka), 9 Novemba

Mwalimu amesema vema, naongeza hesabu moja ya fundi. Kivuli cha sentimita 44 ni cha sakafuni. Ukipanda juu kinapungua. Kiroba chenye kimo cha sentimita 80 kandokando ya ukuta wa mita moja, juu kileleni kinapata kivuli cha sentimita tisa tu, yaani hakipati. Dumu lililolazwa kimo chake ni kama 25, hapo kivuli bado ni zaidi ya sentimita 30, kinalitosha upana. Madumu yahamie kusini. Viroba havitanufaika vichwani, ila ubavu wao utapona joto, nalo si dogo.

mpangaji_ghorofa_ya_pili (Kansanga), 9 Novemba

Samahani kuingilia. Mimi sina paa, nina roshani ya mita moja na nusu inayotazama kaskazini, na mwenye nyumba hataki kamba wala misumari. Nina ndoo sita za rangi: sukuma, giligilani, nyanya mbili. Ninunue neti?

mwalimu_wa_ramani (Jinja), 9 Novemba

Usinunue, kaka. Desemba jua liko nyuma ya nyumba yako. Shida yako itakuwa uchache wa mwanga, si ukame. Sukuma na giligilani zitavumilia, majani yatakuwa laini tu. Nyanya zitarefuka zikikimbilia nje na matunda yatakuwa machache. Ukiweza mpe jirani wa upande wa kusini mpaka Machi.

lengalenga (Nsambya), 10 Novemba

Mimi ni mtu wa Bukavu, naishi Nsambya miaka kumi sasa. Nawasikia wote mnaongea juu ya kuokoa kila mmea, lakini naunga mkono ile njia ya tatu ambayo dada aliitaja ikapitwa. Kupunguza si kushindwa. Sukuma ya miezi minane imechoka hata ukiimwagia ziwa lote. Lengalenga, mnayoiita dodo, inaliwa baada ya wiki nne. Panda sasa, vuna kabla ya Krismasi, usiirudie mpaka Machi. Nakati ina kiu, bakiza viroba viwili tu. Palipobaki wazi panda matembele. Kipande cha mche wa viazi vitamu kikishika wakati huu wa mvua, majani yake yanatambaa na kufunika udongo, na jioni unakata unapika. Hayo ni matandazo yanayoliwa.

mama_wa_boo (Gulu), 10 Novemba

Hapo umenena. Na kunde pia, sisi tunaita boo. Haichokozwi na jua.

wa_milimani (Kabale), 11 Novemba

Nawasoma nikiwa nimevaa sweta. Kwetu, karibu mita 2,000 juu, tatizo ni baridi ya usiku ya Juni na Julai. Nyanya husimama kukua kabisa. Ndoo nyeusi ambazo huku zinatusaidia kuhifadhi joto, huko kwenu zitapika mizizi. Mwenye ndoo nyeusi Kampala azivalishe gunia kuukuu au azipake chokaa.

mpangaji_ghorofa_ya_pili (Kansanga), 11 Novemba

Ndoo zangu mbili ni nyeusi. Nazivalisha leo.

nakati_juu_ya_paa (Ntinda), 12 Novemba

Nimeamua hivi. Madumu yanahamia ukuta wa kusini kabla ya tarehe moja Desemba. Ensuwa tisa za viroba nimeagiza kwa mama anayeuza vyungu kando ya barabara. Nitazipapasa moja moja. Kwa paa lote, neti siweki. Nitanunua kipande cha mita mbili kwa tatu kule Container Village, kwenye maduka ya mjini, cha asilimia 50 (kinachozuia nusu ya jua), kwa ajili ya miche na vyungu vya pilipili peke yake, kifungwe chini ya kimo cha ukuta upepo usikishike. Na nitapunguza. Lengalenga, umenisaidia kukubali.

nakati_juu_ya_paa (Ntinda), 23 Januari

Nimerudi kama nilivyoahidi mwalimu kwa ujumbe. Haijanyesha ya maana tangu wiki ya Krismasi. Natumia madumu mawili na nusu kwa siku badala ya sita, na mimea iliyo hai ni michache kuliko mwaka jana, kwa hiyo msilinganishe kama sawa kwa sawa. Lakini hakuna hata mmoja uliokauka.

Ensuwa saba zinafanya kazi, mbili zilipasuka nilipozikandamizia udongo kwa mguu. Tumia mikono. Nyanya mbili tu zimeoza kitako kati ya zote. Madumu ya kusini yanashangaza. Saa saba ukisimama pale unaona mstari wa kivuli umeyafunika yote kama shuka, na kila wiki unajikunja kidogo kama mwalimu alivyosema. Nimeuchora kwa chaki sakafuni.

Neti ndiyo iliyoniletea shida. Chini yake pilipili zilipata utitiri mwekundu, vumbi lilikaa kwenye majani nami sikugeuza majani kutazama. Naosha sasa chini ya majani kwa maji yenye sabuni kidogo kila siku ya tatu, yanapata nafuu.

Matembele yamefunika viroba vitatu. Jana tumeyala na karanga.

mama_wa_boo (Gulu), 23 Januari

Dada, hizo mbili zilizopasuka usitupe. Vunja vigae, weka chini ya vyungu vya nyanya juu ya tundu la kutolea maji, utavihitaji mvua za Machi zikija.