Mkutano wa mfano wa UN au klabu ya mdahalo? Mwisho Jumamosi

Zabibu_Tamu: Habari wakuu. Nipo Dodoma, nataka kujiunga na mkutano wa mfano wa UN (ule wanafunzi mnaigiza mabalozi wa nchi) au klabu ya mdahalo. Vyote viwili sitaviweza. Kipi kinamfaa anayeanza?

Mjukuu wa Chigogo: Mkuu, umeeleza nusu. Sekondari au chuo? Ada shilingi ngapi? Kiingereza je?

Binti_Kondoa: Mdahalo. Mtindo wa bunge la Uingereza ni timu nne za watu wawili wawili, mada mnapewa dakika 15 kabla, kila mtu anasema dakika 7. Upande huchagui. Utatetea usichokiamini mpaka uwaelewe wanaokiamini.

Zabibu_Tamu: Samahani. Chuo, mwaka wa kwanza. Mdahalo bure, UN elfu hamsini. Kiingereza nakisoma vizuri, kukisema ndiyo shida.

Mlinda_Itifaki: Uliza kwanza hiyo hamsini inalipia nini. Mimi nililipa kwa bumu, nikanunua na suti ya mtumba Sabasaba. Nikapewa Ufaransa, Baraza la Usalama. Wiki nzima nakesha naandika waraka wa msimamo wa Ufaransa. Asubuhi ya mkutano nakuta kibao cha Ufaransa mbele ya mtu mwingine, mimi nimehamishiwa nchi nisiyoisomea hata ukurasa mmoja. Siku mbili nilinyoosha kibao kuomba kusema mara moja tu. Iliniuma sana, na ada haikurudi. Dai nchi yako kwa maandishi mapema. Ila mapumziko yale siyasahau: watu wanne tumeinamia daftari moja, tunavutana kwenye azimio tuandike Baraza "linalaani" au "linasikitishwa".

Binti_Kondoa: Pole. Kwenye mdahalo hakuna wa kukunyang'anya kiti.

Mjukuu wa Chigogo: Lakini UN unajifunza kutafuta kura. Azimio la Baraza la Usalama linataka kura 9 kati ya 15, na mmoja wa wale wajumbe watano wa kudumu akipiga kura ya turufu, limekufa. Marekani ilimzuia hivyo Salim Ahmed Salim kuwa Katibu Mkuu, 1981.

Mzee_Nkuhungu: Na China ikamzuia Waldheim, Katibu Mkuu wa wakati huo, raundi baada ya raundi, mpaka wote wawili wakakaa pembeni akapita de Cuéllar wa Peru. Salim huyo alishakuwa Rais wa Baraza Kuu 1979. Vijana msomeni.

Binti_Kondoa: Mzee wangu, na kwa nini vyote hivi tunafanya kwa Kiingereza? Bunge liko hapahapa, wanabishana kwa Kiswahili.

Zabibu_Tamu: Hapo umenigusa, dada. Kuna klabu inayojadili kwa Kiswahili?

Mzee_Nkuhungu: Inategemea chuo. Uko chuo gani, mwanangu?