Kuna mchambuzi wa muvi hapa mjini anyang'anywe simu leo leo

Wadau salama? Mimi si salama.

Simtaji, wote mnamjua, yule bingwa wa nyota mbili, yule ambaye hata harusi ya dada yake ataipa nyota mbili aseme MC kavuta sana stori. Sasa leo asubuhi, Septemba 29, 2021, niko kwenye daladala nimebanwa mlangoni nafungua simu niperuzi kidogo, nakuta kaachia "uchambuzi" wa James Bond mpya, No Time to Die. Nikasema ngoja nisome taratibu nipate mzuka maana hela ya tiketi nishaitenga hata luku sijanunua. Mstari wa kwanza anasalimia. Mstari wa pili, jamani MSTARI WA PILI, kaandika stelingi anakufa.

Basi. Hakuna onyo, hakuna "kama hujaona ishia hapa", hakuna hata nafasi ya kuruka. Habari za asubuhi, Bond anakufa, na ka-emoji ka jeneza pembeni.

Hii muvi tumeisubiri tangu kabla ya barakoa. Ilikuwa itoke Aprili 2020 korona ikaisukuma Novemba, Novemba ikasukumwa Aprili 2021, Aprili ikasukumwa tena mpaka sasa hivi, watu wameoana wameachana, ule wimbo wa Billie Eilish umeshabeba hadi Grammy muvi yenyewe bado iko kabatini, sisi tumekaza tu. Halafu anakuja mtu na bando la usiku anatumalizia kwenye mstari wa pili.

Na HAJAIONA! Premia ilikuwa jana usiku Royal Albert Hall, London, kina Prince William wamo, Daniel Craig, Bond mwenyewe, kavaa koti la pinki, na huyu wetu saa hizo hizo alikuwa anabishana na watu kuhusu kuku wa kienyeji, nimemwona kwa macho yangu. Dakika 163 kaziangalia saa ngapi? Kakopi kwa Wazungu usiku wa manane. Na hao Wazungu wenyewe, Guardian nyota 5, Times nyota 5, nimewasoma wote hakuna aliyenimwagia mwisho, wanakuzungusha weee wanakuacha mlangoni. Yeye kaipa mbili, eti ndefu mno na Rami Malek, yule adui, hatishi. Sawa, asitishe, hiyo ni haki yako kusema. Ila mstari wa pili??

Stelingi hafi. Tumekuzwa hivyo kibanda umiza, unalipa ukijua jamaa atapigwa, atarushwa ghorofani, atatema damu, ila atanyanyuka. Huyu Bond toka Sean Connery 1962 papa wamemshindwa, leza imemshindwa, Warusi wamemshindwa, anakuja kuuawa na mtu wa Tabata asubuhi watu hatujanywa chai.

Nimemaliza. Hapana sijamaliza. Mstari wa pili jamani.

Kisiki cha Mpingo: Mkuu mimi nilikuwa SIJUI. Nimeingia kusoma malalamiko nimetoka na jeneza. Yeye kasema mara moja, wewe mpaka umeweka na herufi kubwa.

Mleta uzi: Sasa nani alikutuma uingie uzi wa Bond kama hujaona Bond

Kisiki cha Mpingo: Ndo jibu hilo hilo anawapa watu kule kwake, nimetoka kumsoma sasa hivi. Nyie ni ndugu.

Chips Yai Kavu: Povu lote hili la muvi? Huyu ni Simba, bado ana kidonda cha goli la Mayele wa Yanga Jumamosi, kapata pa kutolea 😂😂

Mwana wa Msimbazi: Msituletee Ngao ya Jamii humu. Kagoli kamoja mnakatembeza mtaa mzima mtadhani mmechukua ubingwa wa Afrika

Mama Tuntu: Mimi namtetea mchambuzi. Nina presha. Nikishajua nani anakufa naangalia kwa amani, naenda chooni narudi sina wasiwasi. Hata tamthilia huwa namuuliza binti yangu kwanza.

Mzee wa Kanda: Vijana mnalia na Craig ana sura ya baunsa wa baa. Bond ni Roger Moore, anatwanga watu suti haikunji nywele haitikisiki.

Chips Yai Kavu: Mzee shkamoo. Moore ile ya 1985 alikuwa na miaka 57, pale anapokimbia ni stantimeni, yeye yuko kwenye kiti anapepewa

Mzee wa Kanda: Marahaba. Hata akiwa kwenye kiti anamshinda wako

Bonge la Temeke: Brosnan mnamruka kwa nini?

Kisiki cha Mpingo: Kwa sababu ya lile gari lisiloonekana la 2002. Tunaliruka pamoja na yeye.

Bonge la Temeke: Utoto tu huo. Craig kuanzia 2006 muvi zote tano analia mapenzi, jasusi gani kila akipangiwa kazi ameshastaafu anakunywa bia Jamaika. Afe tu.

Mleta uzi: MNAONA MNAVYOANDIKA MWISHO WAZIWAZI

Kibaha kwa Mfipa: Samahani wakuu niko nje ya mada, huo ubishi wa kuku wa kienyeji uko wapi? Nina vifaranga vinasinzia toka jana

Bonge la Temeke: Njoo PM mkuu, hiyo ni kideri, usichelewe

Mbongo Houston: Nyie mnalia wakati Waingereza wanaanza kesho na nyie mko jirani tu, sisi huku Marekani mpaka tarehe 8 Oktoba. Na grupu la ukoo mama mdogo kashaforwadi lile andiko lote, na jeneza lake, halafu kamalizia "Mungu ni mwema".

Mama Tuntu: Amina

Dada wa Mikocheni: Mnamwonea mchambuzi wa watu. Wabaya ni wale wanaokaa siti ya nyuma yako washaiona. "Muone huyo dada, sasa hivi anampiga teke." Unalipia tiketi, unalipia bisi bei ya kilo ya nyama, unasimuliwa.

Kisiki cha Mpingo: Bora huyo anasimulia bure. Juzi nimenunua muvi imetafsiriwa, DJ anakatiza katikati ya ngumi kutangaza duka la simu na namba za kupiga, akirudi adui kashakufa na yeye hasemi kauawa na nani

Mzee wa Kanda: Enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, haya hayakuwepo. Lufufu ulikuwa unaelewa mpaka farasi anawaza nini.

Mwana wa Msimbazi: Hapo mzee umeongea. Hawa wa siku hizi wanacheka kabla ya kichekesho, na jina la stelingi wanabadilisha, muvi nzima jamaa anaitwa Juma, muvi ya Wachina

Dada wa Mikocheni: Wa kwetu alimwita "mjomba" mpaka mwisho 😂 na jambazi naye mjomba, wakikutana hujui nani anaongea

Mleta uzi: Wadau tulikuwa tunazungumzia mstari wa pili

Chips Yai Kavu: Mstari gani tena? Dada huyo DJ wa wajomba anapatikana wapi, naitaka hiyo