Mrejesho: boti imeingia gereji

Niliuliza namna ya kupitisha boti kwenye mlango wa sm 210 wakati upinde wake wa chuma, ulio karibu na tezi (sehemu ya nyuma ya boti), una kimo cha sm 214 kutoka ardhini boti ikiwa juu ya trela. Kupunguza upepo wa matairi kutoka psi (kipimo cha upepo) 50 hadi 15 kulishusha sm 3 tu. Kumbe tatizo ni mteremko wa njia inayopanda kuingia gereji: tukirudi kinyumenyume, magurudumu yakishakanyaga sakafu, mkono wa trela (sehemu ya mbele inayofungwa kwenye gari) bado uko chini, hivyo tezi huinuka na upinde hugonga linta (boriti ya juu ya mlango). Dawa ni kuinua mkono kwa jeki yake ya mbele hadi tezi ishuke. Injini nayo ipandishwe kidogo, isikwaruze sakafu. Tulivuta kwa winchi ya mkono, kabari zikiwa upande wa mteremko. Upepo wa matairi tuliujaza tena boti ilipokuwa ndani.