Mzee anataka kukutana na wenzake wa vita ya Kagera ndani ya kambi yao ya zamani. Naanzia wapi?

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo la mzee wangu, naombeni mawazo.

Mzee ana miaka 71. Alikuwa askari Tabora, brigedi ya 202, majeshi ya Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Alirudi salama, akastaafu na ukoplo wake, akaenda kulima tumbaku Urambo. Habari za vita hakuzigusa nyumbani. Sisi watoto tulichokijua ni mesitini moja iliyobonyea, kile chombo cha askari cha kulia chakula, mama anapimia mchele. Ina herufi mbili zilizochongwa kwa msumari, wala si za jina lake. Ukimuuliza anasema vyombo vilichanganyika Kyaka, kule Kagera, basi.

Tangu Jenerali Musuguri, mmoja wa makamanda wa vita ile, afariki Oktoba 2024, mzee amebadilika. Ametoa daftari la kaunta, ameandika majina 28 ya platuni yake. Waliotangulia amewawekea alama: Mkristo msalaba, Muislamu mwezi. Waliobaki ni tisa, mmoja yuko Pemba, mwingine Songea. Anataka wakutane, tena si ukumbini. Anataka ndani ya kambi, chini ya mwembe uliokuwa nyuma ya bwalo, walipokula mara ya mwisho kabla ya kupanda treni ya Mwanza. Nikamwambia huenda ulishakatwa. Akajibu, "Basi tutasimama kwenye kisiki."

Kaka zangu wanasema tukodi ukumbi mjini, tupike pilau, yaishe. Mimi naona hawajamsikia. Ila sijui barua inaandikwa kwa nani, wajane nao waalikwe au la, na katika hao tisa kuna mmoja ambaye mzee wangu hataki hata atajwe. Sababu hasemi.

Kuruta wa Zamani:
Kambi huingii kama unakwenda kwenye mahafali, mkuu. Sisi wa kikosi kingine tulimwandikia Mkuu wa Kikosi miezi miwili kabla, barua ikapelekwa kwa mkono. Weka majina, namba za jeshi, mwaka wa kuajiriwa na wa kustaafu, nakala za vitambulisho, hadi namba ya gari litakalowaleta. Omba saa mbili tu, usiombe siku nzima. Simu tuliziacha getini, kwa hiyo picha sahau, labda wao wenyewe wawapigie. Usiombe tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa wana shughuli zao. Na kama mzee ana kombati kabatini, ibaki huko huko. Mstaafu ni raia, na raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi. Koti na medali zake zinatosha kabisa.

Mla Bata:
Wazee tisa wa miaka sabini na kitu, kutoka Pemba hadi Tabora, nauli analipa nani? Mwisho wa siku mtachangishana, watakula watu wa kamati. Ukumbi mjini, kaka zako wako sahihi.

Binti wa Sikonge:
@Mla Bata hujafiwa vitani wewe.
Mleta uzi, wajane waalike. Baba yangu amelala Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa. Mama aliishi miaka thelathini na karatasi tu ya kwamba amekufa. Siku moja akakutana na mzee aliyekuwa na baba vitani, akamwambia asubuhi ile baba alikuwa anashona kifungo huku anawalaumu wenzake wamempotezea uzi. Mama alicheka hadi akalia. Kifungo tu! Nauli watumie mapema, wasiombe kwa watoto wao.

Nesi Mkongwe:
Kadi za kliniki waje nazo, dawa za sukari na presha za siku zote. Gwaride la kuwakaribisha kama lipo, wapewe viti, tena kivulini. Na ulizia choo kiko wapi kabla hujaulizia mwembe.

Kuruta wa Zamani:
Huyo asiyetajwa, mpigie wewe. Usipatanishe, mwambie tu tarehe. Wale walivuka Kagera pamoja daraja likiwa limeshavunjwa. Wana yao, hayatuhusu.

Mleta uzi:
Asanteni sana wakuu. @Mla Bata, nauli nimegawana na dada yangu, kamati haipo.

Nimempigia yule asiyetajwa, yuko Musoma. Nikajitambulisha mtoto wa fulani, akanyamaza mpaka nikadhani salio limekata. Kisha akaniuliza swali moja: baba yako bado anayo mesitini yangu? Nikaenda jikoni na simu sikioni, nikaisoma. M.W. Nikamsomea. Akasema, "Mwambie aje nayo. Na asiioshe kwa mchanga, alikuwa anaikwaruza."

Nimemfikishia mzee ujumbe. Hakusema kitu, alichukua daftari akaongeza namba ya simu mbele ya jina la tisa. Mama amehamishia mchele kwenye bakuli. Barua naipeleka Jumatatu.