Familia ya Temeke: Zuhura na skrini nyeusi

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Kaka Hamisi upo? Kwenye skrini nyeusi ya Linux, mfumo wa kompyuta yangu, nimeandika sudo apt update kusasisha orodha ya programu, inataka paswedi. Naandika, haitokei hata nukta. Kibodi imekufa?

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Na picha zangu za sendofu je?

Hamisi: Haijafa. Hapo paswedi haionyeshwi, aliyekaa nyuma yako asijue hata ina herufi ngapi. We andika, piga Enter.

Zuhura: Imekubali 😅 maandishi yanashuka kama mvua ya masika

Baba Mdogo: Kwani kipanya kimeharibika? Si ubonyeze tu kama watu wengine.

Hamisi: Baba mdogo, kwa faili mbili tatu sawa. Hapo picha zimechanganyika na video za sendofu nzima, atachambua moja moja mpaka alfajiri. Zuhura, ingia kwenye folda, halafu tengeneza folda mpya na unakili picha tu humo:
mkdir Shangazi
cp *.JPG Shangazi/
Hiyo JPG kwa herufi kubwa, kamera ndivyo ilivyozipa majina. Ukiandika jpg ndogo hazioni.

Zuhura: Hata kuingia sijaingia. cd Picha za Sendofu, inasema too many arguments

Hamisi: Nafasi hizo. Imeona majina matatu. Funga kwa alama: cd "Picha za Sendofu". Au andika cd Pich kisha Tab, itamalizia yenyewe. Mimi hiyo Tab ndiyo mkono wangu wa kulia.

Zuhura: Nimeingia. Nimepiga cp, kimyaaa. Imegoma?

Hamisi: Ikinyamaza ujue imefanya. Inasema pale tu pakiwa na tatizo. Hakikisha kwa ls Shangazi, itaorodhesha kilichomo

Rehema: Mwambie ajaribu rm -rf, ile ya kufuta folda nzima bila kuuliza, tuone 😂😂

Hamisi: Rehema acha masihara! rm haipeleki kitu kwenye pipa la taka, ikifuta imefuta. Zuhura, kabla ya kufuta chochote piga pwd ujue uko folda gani, halafu tumia rm -i, itakuuliza kila faili.

Baba Mdogo: Hiyo Linux mnalipia kwa mwezi?

Hamisi: Bure baba mdogo. Aliianza Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi huko Ufini. Hii Ubuntu ya Zuhura, aina mojawapo ya Linux, ilitoka 2004, mwanzilishi wake Mark Shuttleworth, wa Afrika Kusini.

Baba Mdogo: Ahaa, jirani kabisa.

Zuhura: Nimehesabu faili kwa ls Shangazi | wc -l, imeleta 143!

Hamisi: Weee, wc nani kakufundisha?

Zuhura: man wc, mwongozo wake. Kutoka ndiyo ilikuwa kazi, kumbe ni q tu 🙈

Shangazi Mwajuma: Mia na arobaini na tatu! Zile ninazokula pilau zitoe zote kabla hujanitumia.

Hamisi: Zitoe kwenye folda ya Shangazi tu, za mwanzo usiguse.

Zuhura: Sawa. cd Shangazi, pwd, rm -i *.JPG. Shangazi, ya kwanza hii hapa umeshika mnofu, y au n?

Shangazi Mwajuma: Y ndiyo kufuta? Basi y. Fasta, kabla Rehema hajaiona.